Mizinga ya Domicelė

Uliniachia mizinga mitatu, kifukizo kimoja,
na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto.
Uliandika kwa penseli: Ni yangu. Anaishika Feliksas.
Basi la Klaipėda likawasha taa, ukapanda.
Hukusema unarudi lini. Ulisema tu
kwamba samaki wa Norwei hawajui Jumapili.

Mwezi wa kwanza nilidhani nimepewa.
Ndivyo mkono ulivyo: ukishika kitu kwa muda
unapata joto lake, na joto hilo unaliita haki.

Nikaenda Telšiai kwa wakili Stulgys, nikamlipa mayai.
Alivua miwani. "Kupewa ni neno moja, Feliksas,
kukabidhiwa ni jingine. Aliyepewa hulala.
Mwenye amana hulala jicho moja."
Na asali je? "Asali ni mtoto wa mzinga,
humfuata mamaye." Na jasho langu?
"Hamkuandikiana ujira. Jasho ni zawadi yako kwake."
Kisha, akifuta miwani kwa tai:
"Sukari ya kuwalisha wakati wa baridi, hiyo mdai. Weka risiti."
Nimeziweka. Zimo kwenye kopo la chai.

Julai, mwezi ambao kwetu una jina la mti,
kundi likatoka mzinga wa pili, likapaa kama moshi wenye hasira.
Sheria ya kundi ni fupi: ni lako maadamu unalifuata.
Ukikaa chini kupumua, limekuwa la yeyote.
Nina miaka sitini na mmoja. Nilikimbia na soksi,
ngazi begani, katikati ya shayiri ya Rimkus,
nikipiga kelele ili awepo shahidi:
"La Domicelė! Hili ni la Domicelė!"

Nikalikamata kwenye uzio wa kanisa.
Sanduku langu, misumari yangu, nyuki wako.
Nani angehesabu?
Cha mwenzio si chako, hata watoto wanajua;
lakini watoto hawajawahi kugongelea sanduku usiku,
wakalisikia likianza kuimba.

Ng'ombe kwetu hufa. Mbwa hufa.
Nyuki hafi; nyuki hufariki, kama mtu.
Mzinga wa tatu ulifariki tarehe tisa Februari.
Niliuzika chini ya vichaka vya zabibu nyeusi, nikaandika,
kwa sababu Stulgys alisema: si kazi ya mwenye mali
kuthibitisha kwamba wewe ni mwizi.
Uliyeshika ndiye unayesema kwanza.
Nikaandika: Baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Mlango niliupunguza. Panya hakuingia.
Sikuandika kwamba wiki ile nilikuwa nimelewa
na theluji ikaziba tundu la hewa.
Siku tatu sikuandika.
Kisha nikaandika.

Kaka yako Zenonas alikuja na tela na picha ya mama yenu.
"Damu ni damu," akasema.
Nikamwambia damu haimo kwenye karatasi.
Alinitukana hadi kisimani. Mbwa alimsindikiza.

Vuli ya nne ukashuka na mabegi mawili,
vidole vimepasuka kwa chumvi.
Kabla ya chai nilikupa daftari.
Ulisoma umesimama. Ulipofika Februari
ulirudi nyuma mstari mmoja, ukausoma tena.
Hukusema kitu. Ukatoka bustanini:
moja, mbili, ukakanyaga palipokuwa na wa tatu,
kisha ukaliona sanduku.

"Na hili?"

"Lako. Lilitaka kuwa langu."

Ulivua kitambaa, ukaweka sikio kwenye mbao,
ukagonga kwa kiungo cha kidole. Wakakujibu.
Ukaniomba penseli,
ukakata jina langu mstari mmoja ulionyooka,
ukauliza sukari ilikuwa bei gani.

Usiku ule nilijaribu kulala macho yote mawili.
Nimesahau namna.